Jiokashi kwenye bustani ya mtaa: mwongozo kamili wa kulipata kasha la kwanza

Wanaoanza jiokashi, mchezo wa kutafuta kwa GPS makasha yaliyofichwa, hukwama karibu wote mahali pamoja. Simu inaandika mita 2, mshale unageuka huku na huku, na kasha halionekani. Mtu anauzunguka mti mmoja nusu saa nzima, kisha anaondoka akiamini limeibwa. Mara nyingi lipo, mita saba au nane pembeni, mahali ambapo hakutazama kwa sababu aliiamini simu kuliko macho yake.

Kwa aliyefika sasa hivi: mchezaji huficha kasha lenye karatasi ndani, hutangaza koordineti zake (namba za mahali lilipo) mtandaoni, na wengine hulitafuta, husaini ile karatasi na kulirudisha palepale. Mwongozo huu ni wa bustani ya mjini, yenye miti, mabenchi, vijia na watu. Ukifuata hatua kwa mpangilio, saa moja inatosha.

## Vitu vya kuandaa

Vya lazima:

- Simu yenye GPS, chaji imejaa, na programu ya jiokashi. Iliyozoeleka ni Geocaching. Wenye Android wanaweza pia kutumia c:geo, ambayo ni ya bure. Zote mbili zinahitaji ufungue akaunti.
- Kalamu mbili, na mojawapo iwe ya risasi. Wino wa kawaida haushiki kwenye karatasi yenye unyevu, na makasha madogo hayana nafasi ya kalamu ndani.
- Kibano kidogo cha nyusi. Karatasi ya kasha dogo husokotwa kwa kubana sana. Ukiivuta kwa kucha, inachanika.
- Kijiti imara, chenye urefu wa mkono wako hivi.
- Tochi. Ya simu inafaa, lakini ya pembeni inakuachia simu mkononi.

Vya kusaidia: glavu za bustani, kioo kidogo cha kuchungulia chini ya benchi, maji ya kunywa, pawabenki, karatasi mbili tatu safi ndani ya mfuko wa zipu, na vitu vidogo vya kubadilishana kama vile shanga, sarafu ya kigeni au kigari cha mtoto. Vaa suruali ndefu na viatu vilivyofunikwa. Bustani za Nairobi zina siafu msimu wa mvua. Ulaya na Amerika Kaskazini tatizo ni kupe wa majani marefu, kwa hiyo jikague miguu na nyuma ya magoti ukirudi nyumbani.

## Hatua ya 1: Chagua kasha rahisi kwa makusudi

Usichague lililo karibu na nyumbani kwa sababu tu liko karibu. Kila kasha lina alama mbili, D na T, kila moja kuanzia 1 hadi 5. D ni ugumu wa kulipata ukishafika, na T ni ugumu wa njia ya kufika. Kwa mara ya kwanza chukua D 1 au 1.5, na T isizidi 2.

Angalia mambo mengine matatu:

Aina. Chagua la kawaida, lenye alama ya kijani. Hapo koordineti ndizo mahali kasha lilipo. Lenye alama ya bluu na kiulizo ni fumbo. Koordineti zinazoonyeshwa si za kasha, ni lazima kwanza utegue kitendawili. Wengi wamepekua vichaka vya bure kwa kutojua hili.

Ukubwa. Dogo kabisa halifiki mililita 100, na mengine hayazidi ncha ya kidole. Linalofuata ni la mililita 100 hadi lita 1. La wastani ni la lita 1 hadi 20. Anza na la wastani au linalolifuata kwa udogo, kwa sababu kadiri kasha lilivyo dogo ndivyo sehemu za kulificha zinavyoongezeka.

Kumbukumbu za karibuni. Soma walichoandika watafutaji watano wa mwisho. Kama kuna aliyelipata mwezi huu, lipo. Kama watatu mfululizo wameandika kwamba hawakulipata, liache hata kama lina alama nzuri.

Akaunti ya bure haionyeshi kila kasha. Mengine yametengwa kwa wanaolipia. Usiharakishe kulipa kabla hujapata machache ya bure.

## Hatua ya 2: Hakikisha koordineti zimesomwa sawasawa

Anayefungua kasha moja kwa moja ndani ya programu anaweza kuruka hatua hii. Anayenakili namba kwenda kwenye ramani nyingine asiiruke, maana hapa ndipo watu hujikuta wilaya nyingine.

Jiokashi huandika koordineti kwa digrii na dakika zenye desimali tatu. Mfano tu, usitafute kasha hapo, ni sehemu ya Arboretum, bustani ya miti jijini Nairobi:

S 01° 16.620 E 036° 48.300

Ramani nyingi za simu hutumia digrii za desimali. Kubadilisha, gawa dakika kwa 60, kisha jumlisha na digrii. 16.620 ÷ 60 ni 0.277, na 48.300 ÷ 60 ni 0.805. Kwa kuwa ni kusini mwa ikweta, latitudo inapata alama ya kutoa: −1.27700, 36.80500.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kuandika 1.16620 na 36.48300, kana kwamba dakika ni desimali za digrii. Kwa mfano wetu kosa hilo linakupeleka karibu kilomita 38 kutoka Arboretum, ndani ya Bonde la Ufa. La pili ni kusahau ile alama ya kutoa. Hapo unatupwa kaskazini mwa ikweta, zaidi ya kilomita 280 kutoka bustanini, huko Samburu.

Jambo moja la kushika kichwani: karibu na ikweta, tarakimu ya mwisho ikibadilika kwa moja, umesogea kama mita 1.85, iwe kwa latitudo au longitudo. London, kwa longitudo, ni kama mita 1.15 tu. Kwa hiyo ukinakili 16.630 badala ya 16.620, umekosa kwa mita 18, na bustanini hiyo ni miti kadhaa.

Umefaulu kama pini ya ramani imeangukia ndani ya bustani unayoijua.

## Hatua ya 3: Soma ukurasa wote ukiwa bado nyumbani

Jina la kasha mara nyingi ni dokezo. Lenye neno la kupumzika huenda liko kwenye benchi, na lenye neno la chuma huenda lina sumaku. Soma maelezo, kisha dokezo lenyewe. Kwenye tovuti dokezo huandikwa kwa herufi zilizogeuzwa na ni lazima ubonyeze ili lisomeke. Hakuna aibu kulisoma. Mfichaji aliliandika ili litumike.

Angalia pia saa za bustani kufungwa na kiingilio. Bustani nyingine hufunga jua linapozama, na anayekutwa ndani akipekua vichaka gizani atakuwa na maelezo marefu kwa mlinzi.

Pakua kasha na ramani ya eneo kwa matumizi ya nje ya mtandao. GPS yenyewe haihitaji bando, lakini picha ya ramani inahitaji. Ukifika ukakuta mtandao umekata, utabaki na mshale juu ya ukurasa mtupu.

## Hatua ya 4: Tayarisha simu mlangoni mwa bustani

Zima hali ya kuokoa betri, kwa sababu kwenye simu nyingi hupunguza kasi ya kusoma mahali ulipo. Ruhusu programu kutumia mahali kamili, si pa kukadiria. Ondoa kava lenye sumaku, kwani huipotosha dira. Kisha izungushe simu hewani ukichora umbo la nane mara tano au sita ili dira ijirekebishe.

Simama dakika mbili mahali pa wazi, mbali na ukuta na miti mikubwa. Simu inahitaji muda wa kukusanya mawimbi ya setilaiti za kutosha. Ukianza chini ya mwembe mkubwa, inakisia, na inaendelea kukisia.

Programu nyingi huonyesha makadirio ya usahihi. Mita 3 hadi 5 ni nzuri. Ikiandika 20, subiri kwanza.

## Hatua ya 5: Fuata mshale mpaka mita 10, kisha simama

Hapa ndipo penye kufaulu na kushindwa, kwa hiyo twende polepole.

Simu yako, mahali pa wazi, hukosea kwa mita 3 hadi 5. Chini ya majani mazito au karibu na jengo hukosea zaidi, kwa sababu mawimbi yanazuiwa au yanagonga ukuta kabla ya kufika. Aliyeficha naye alitumia kifaa chenye kosa lake. Makosa hayo mawili yakijumlishana, kasha linaweza kuwa popote ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha mita 10. Simu ikiandika mita 0, maana yake ni kwamba umeingia ndani ya duara hilo. Haijakuonyesha nukta.

Mshale nao una ujanja wake. Ukiwa mbali na unatembea, unaelekeza vizuri. Ukisimama au ukisogea hatua mbili mbili, kosa dogo la mahali linageuza mwelekeo mzima. Ndiyo maana huzunguka. Kuukimbilia kila unapogeuka ni kupoteza muda.

Fanya hivi badala yake:

1. Ikibaki mita 30, punguza mwendo na utembee kwa mstari ulionyooka.
2. Ikibaki mita 10, simama. Inua macho uone mshale umelenga kitu gani: mti, nguzo, mwamba. Kikumbuke.
3. Rudi nyuma mita 25 hivi, zunguka robo ya duara, kisha njoo tena kutoka upande huo. Simama kwenye mita 10 na utazame mshale umelenga nini.
4. Pale mistari miwili inapokutana ndipo pa kuanzia. Kama haikutani karibu, njoo mara ya tatu kutoka upande mwingine.
5. Weka begi lako chini hapo liwe alama, kisha tia simu mfukoni.

Hilo la mwisho wengi hawaliwezi. Linahitaji uamuzi, na linalipa.

## Hatua ya 6: Tafuta kwa macho

Simama karibu na begi, ugeuke taratibu duara zima bila kugusa kitu. Jiulize: ningekuwa na kopo la ukubwa huu, ningeliweka wapi ili mvua isilifikie, mfagiaji asilione, nami niweze kulirudia? Mara nyingi sehemu za maana ni tatu au nne tu. Zipitie moja moja, ya karibu kwanza.

Kwenye bustani za mtaa makasha hukaa zaidi hapa:

- Chini ya benchi, nyuma ya chuma cha mguu, limeshikwa na sumaku. Pitisha vidole au kioo, usitegemee kuinama na kuchungulia.
- Kwenye tundu la mti au katikati ya mizizi iliyoinuka, likiwa limefunikwa kwa gome.
- Nyuma ya kibao cha maelezo, kwenye pembe ya fremu.
- Ndani ya bomba la uzio lenye kifuniko kinachotoka kwa mkono.
- Chini ya rundo la mawe yasiyofanana na mawe mengine ya hapo.

Macho yatafute mpangilio. Maumbile hayalazi vijiti sita sambamba juu ya shimo, wala hayaweki jiwe lenye ukoga upande wa chini. Ukiona hivyo, mkono wa mtu umepita. Tazama pia nyasi zilizolala kuelekea mahali pasipo na sababu ya mtu kwenda. Watafutaji waliotangulia huacha njia. Na tazama juu ya kimo cha kichwa, kwa sababu wengi hutafuta chini tu.

Usitie mkono mahali usipopaona. Chokoa kwanza kwa kijiti, kisha mulika, ndipo uguse. Kwenye matundu hukaa nyoka, nge, nyigu na nyuki. Upupu na washawasha havihitaji tundu, vinakungoja kwenye uzio.

Usichimbe. Kasha la kawaida halifukiwi, kwa kuwa kanuni za mchezo zinakataza kuchimba shimo bila ruhusa ya mwenye eneo. Usivunje tawi, usifungue skrubu, wala usiguse kifuniko chochote cha umeme, taa au maji. Kama kulifikia kunahitaji nguvu, huko siko.

Kuhusu watu: tafuta asubuhi ya siku ya kazi, wageni wakiwa wachache. Mtu akipita karibu, kaa kwenye benchi ushike simu mpaka apite. Mlinzi akikuuliza, mwamkie, mwambie ukweli na umwonyeshe programu. Kujificha ndiko kunakozua mashaka. Sehemu ya watoto kuchezea usiizungukie ukiwa mtu mzima peke yako. Chagua kasha jingine au nenda na familia.

Jiwekee kikomo cha dakika 20. Baada ya hapo macho yamechoka na unarudia palepale.

## Hatua ya 7: Ukilipata

Kabla ya kulitoa, lipige picha lilivyokaa: mdomo umeelekea wapi, limefunikwa na nini. Ukishalitoa utasahau, na anayefuata ataadhibiwa kwa usahaulifu wako.

Lipeleke mita chache pembeni ukalifungulie hapo, ili mpita njia asijue lilikotoka. Toa karatasi kwa kibano, andika jina lako la mchezoni na tarehe, kisha isokote kwa kubana kuliko ulivyoikuta. Isipobanwa, kifuniko kitaikata pembeni. Kwenye kasha lenye raba, futa mchanga ukingoni kabla ya kufunga. Punje moja inatosha kuingiza maji, na msimu mmoja wa mvua unatosha kugeuza karatasi kuwa uji.

Ukichukua kitu, weka chenye thamani sawa au zaidi. Usiweke chakula hata pipi, kwa kuwa kitaleta sisimizi, panya au tumbili, ambao watalitafuna kasha lenyewe. Pombe, dawa, viberiti na visu havina nafasi humo.

Ukikuta kidude chenye namba ya kufuatiliwa, kiache kama huna mpango wa kukipeleka kwenye kasha jingine hivi karibuni. Kina mwenyewe anayefuatilia safari yake. Ukikichukua, usiweke picha ya namba hiyo mtandaoni.

Lirudishe kama picha yako inavyoonyesha, na vile vijiti au gome juu yake. Usilihamishe mahali ulipoona wewe ni bora. Hatua hii imekamilika kama ukisimama mita tatu huoni kitu.

## Hatua ya 8: Andika mtandaoni

Andika siku hiyohiyo. Sentensi mbili zinatosha: hali ya kasha, hali ya karatasi, na shukrani kwa aliyeficha. Usitaje mahali lilipo wala kupandisha picha inayopaonyesha. Kama hukusaini karatasi, usiandike kwamba umelipata. Kuliona juu ya mti hakuhesabiki.

## Usipolipata

Andika kwamba hukulipata. Wachezaji huita DNF (Did Not Find, yaani "sikulipata"), na wengi huona haya kuiandika. Lakini ndiyo taarifa inayomwambia mwenye kasha aende kukagua. Eleza ulitafuta dakika ngapi na kama ulifika sehemu inayotajwa na dokezo. Rudi siku nyingine, saa tofauti. Mwanga wa jioni huonyesha vitu ambavyo mwanga wa adhuhuri huvificha.

Ukikuta kasha limevunjika au karatasi imelowa, ongeza karatasi safi kutoka kwenye mfuko wako na umjulishe mwenyewe kupitia programu. Usiweke kasha jipya kwa niaba yake bila idhini. Likitokea la kwanza nalo lipo, patakuwa na makasha mawili na watu watasaini lisilo sahihi.

## Kama bustani yenu haina kasha

Afrika Mashariki makasha ni machache na yametawanyika, tofauti na miji ya Ujerumani au Marekani ambako bustani moja inaweza kuwa na kadhaa. Huenda utahitaji kuficha lako. Tafuta kwanza makasha kama 20 ya wengine, hata kama itakubidi kuyapata safarini, ili ujue lipi hudumu na lipi huoza.

Omba ruhusa kwa anayesimamia eneo. Arboretum ya Nairobi iko chini ya Kenya Forest Service. Bustani nyingine ni za kaunti, manispaa au halmashauri. Kasha lako liwe angalau mita 161 kutoka kasha jingine, na mbali na shule, reli, kambi na ofisi za serikali. Hapo mtu anayepapasa ukuta anaweza kukamatwa, na atakuwa amefuata maelekezo yako.

Tumia chombo cha plastiki chenye raba na vikamatio pande nne, kinachoonyesha kilicho ndani. Bomba au kopo la chuma lililozungushiwa tepu nyeusi litaitiwa polisi. Bandika maandishi ya Kiswahili na Kiingereza nje: hiki ni kitu cha mchezo, hakina madhara, tafadhali kiache hapa. Mfagiaji wa bustani ndiye atakayekiona kwanza, naye ana haki ya kuelewa. Bora zaidi, mwonyeshe mwenyewe tangu mwanzo.

Koordineti zisome angalau mara tano, kwa siku mbili tofauti, ukiondoka mita 50 na kurudi kila mara, kisha chukua wastani. Baada ya hapo mpe rafiki namba hizo bila dokezo umwache alitafute. Akifika ndani ya mita 5, wasilisha. Mhakiki wa kujitolea atalipitia kabla halijatangazwa, na huenda akauliza kuhusu ruhusa, kwa hiyo jina la ofisi iliyokuruhusu liwe tayari. Likishatangazwa, lipitie baada ya kila mvua kubwa, na ubadilishe karatasi kabla haijajaa.